Siku ya Tatu Mpe Jembe

Mwaka 2003 nilikuwa na miaka 17, na kazi yangu ya jioni ilikuwa kukaa mlangoni mwa saiba ya ami yangu hapa Malindi, daftari mkononi, nikiandika nani ameingia saa ngapi na nani anataka kutoroka bila kulipa. Kompyuta zilikuwa sita; nne ndizo zilizokuwa na afya. Mojawapo ilikuwa Pentium III ya mtumba iliyopitia Dubai, na hiyo ndiyo ami aliyoniruhusu kuichezea baada ya kufunga, kwa sharti kwamba nisiguse ile programu yake ya kuhesabu dakika.

Binamu yangu alikuja likizo kutoka Uingereza na CD ya mchezo uitwao StarTopia. Aliucheza siku mbili akauchoka. "Hakuna vita vya maana humo," akaniambia. "Kazi ni kuwajengea majini vyoo." Akaniachia. Usiku ule wa kwanza niliinua kichwa niliposikia adhana ya alfajiri, na tangu hapo sijauacha kabisa. Nikiuweka kando mwaka mzima, huurudia mvua za masika zikianza na wageni wakipungua. Nasema wageni kwa sababu tangu 2011 naendesha nyumba ya wageni ya shangazi yangu, vyumba 11 na ua, na mambo haya mawili yameshachanganyika kichwani mwangu hata siwezi kueleza moja bila lingine.

Kwanza huo mchezo wenyewe. Uliundwa na kampuni ndogo ya Guildford, kusini mwa Uingereza, iitwayo Mucky Foot, ukatoka mwaka 2001 kupitia wachapishaji Eidos. Waanzilishi wa Mucky Foot walikuwa wametoka Bullfrog, kampuni ya mji huohuo iliyotoa Populous mwaka 1989, kisha Theme Hospital na Dungeon Keeper, yote miwili mwaka 1997. Aliyewahi kucheza mmoja kati ya hiyo ataona undugu mara moja. Unakabidhiwa kituo cha angani chenye umbo la gurudumu, kilichoachwa magofu baada ya vita, nawe ukifufue. Kina sitaha tatu. Ya chini ina gati za kupokelea vyombo, mitambo, malazi na zahanati. Ya kati ni ya starehe. Ya juu, chini ya paa la kioo, ni shamba lenye udongo na maji halisi. Gurudumu zima limekatwa vipande 16 kwa milango mizito ya chuma, na mwanzoni unamiliki vichache tu. Unaanza na eneo kama la duka, unaambiwa hapa patakuwa mji.

Umbo hilo la gurudumu si la kubuni hivihivi. Mwaka 1952 Wernher von Braun, mhandisi wa roketi, alilieleza kwa wasomaji wa jarida la Marekani la Collier's: gurudumu la upana wa futi 250 linalozunguka polepole, ili mtu aliye kwenye ukingo wake ajihisi ana uzito, kama theluthi ya ule wa ardhini. Mwaka 1975 wataalamu waliokutana Stanford wakachora kubwa zaidi, la kukaliwa na watu 10,000. Hakuna hata moja lililojengwa. Watu wanaoishi angani mfululizo tangu Novemba 2000 wanaishi ndani ya mapipa yaliyounganishwa, wakielea, bila ya juu wala chini. Lakini gurudumu ndilo lililobaki kwenye ndoto, na nadhani sababu ni kwamba ndani ya gurudumu kuna barabara. Unaweza kutembea mbele mpaka ukarudi ulikotoka. Kijiji kizuri pia kiko hivyo.

Wala sisi wa hapa anga haikuwa kitu kigeni sana. Babu yangu alikuwa mvuvi, na upande wa Ngomeni, kaskazini kidogo ya mji, kuna majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini kwa miguu ya chuma. Kutoka hapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksirei za nyota, ya kwanza ya aina yake duniani, na kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya ikapewa jina Uhuru. Mara ya mwisho roketi kuondoka pale ilikuwa 1988, nami nilikuwa na miaka miwili, kwa hiyo sikuona kitu. Nilichokiona ni majukwaa yenyewe, yamesimama kule majini kama meza iliyosahauliwa baada ya karamu. Nilipofungua StarTopia na kuona kituo kitupu kinachosubiri mtu wa kukiwasha taa, nilijua ninakitazama kitu gani.

Sasa, utamu wake uko wapi?

Vijana wengine pale saibani walipenda michezo ya majeshi. Unazungushia askari ishirini kwa kipanya, unawatuma wakafe, unatengeneza wengine. StarTopia haikupi mamlaka hayo juu ya wageni wako. Mgeni anashuka kwenye chombo chake, anaingia, nawe huwezi kumwambia nenda ukale. Unachoweza ni kuweka mashine ya chakula mahali ambapo ataiona akiwa na njaa. Ukiiweka mbali, atakasirika akiwa njiani. Ukiweka moja kwa wageni hamsini, watapanga foleni wakitazamana vibaya. Ukibofya mgeni mmoja unaona moyo wake wote umefunguka: njaa yake, usingizi wake, haja yake ya choo, afya, upweke, hamu ya burudani, hata kiu yake ya ibada. Kila kitu unakiona, na huwezi kumshika mkono. Unatandika, unarudi nyuma, unatazama.

Hiyo ndiyo hali ya mwenyeji, na wenzangu waliotaka kuwa wafalme hawakuiona. Mimi niliiona kwa sababu nililelewa na shangazi, na kwa shangazi mgeni haulizwi kama atakula.

Wageni wenyewe ni wa aina tisa. Kuna Salt Hogs, vibarua wanene wa kwenye mitambo ya taka na karakana. Ami alipita nyuma yangu jioni moja akauliza, "Hao ni nguruwe?" Nikamwambia ni viumbe wa sayari nyingine. Akafikiri kidogo. "Basi wasikaribie kibla," akasema, akaenda zake. Kuna Greys, wale wembamba wenye vichwa vikubwa ambao Wamarekani husema huteka watu usiku; humu ni madaktari. Turrakken wenye vichwa viwili ni watafiti. Kasvagorian ni walinzi. Karmarama ni wakulima wapole wa sitaha ya juu. Zedem ni watawa wanaohubiri hekaluni na kuwavuta wengine kwenye dini yao. Kuna pia Dahanese Sirens, wenye mabawa, ambao kazi yao nilikuwa nikiifunika kwa dirisha lingine kila ami alipokohoa mlangoni. Grekka Targ wanashughulikia mawasiliano. Na kuna Polluted Gem Slugs, makonokono matajiri wasiofanya kazi yoyote. Wao huja kustarehe, na wakiridhika huacha vito nyuma yao mahali walipopita. Yeyote aliyefanya kazi kwenye hoteli ya pwani anawajua kwa majina.

Kilichonichekesha tangu siku ya kwanza ni namna ya kuajiri. Huleti wafanyakazi kutoka kokote. Wote ni wageni waliokwisha kuingia. Unamtazama aliyeko kwenye foleni ya chakula, unaona ana ujuzi, unampa kazi. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Waingereza wa Guildford walijengea mchezo mzima juu ya methali yetu, na nina hakika hawajawahi kuisikia.

Halafu kuna nishati. Humo hakuna shilingi wala dola. Nishati ndiyo inayowasha taa, ndiyo mshahara, ndiyo bei ya godoro. Ukinunua mashine ya disko, taa za zahanati zinakaribia kuzimika, kwa sababu vyote vinatoka kwenye pipa moja. Nilidhani ni ubunifu wa watu wa kompyuta. Siku hizi nikisimama usiku mbele ya mita ya stima nikibonyeza tarakimu 20 za tokeni kwa mwanga wa simu, huku mgeni wa chumba cha saba akiuliza mbona feni imesimama, naona hapakuwa na ubunifu wowote. Ni hesabu za nyumba.

Na dalali hakosekani. Jina lake Arona Daal. Anakuja na chombo chake kilichojaa shehena, anakupigia simu wakati ambao huna kitu, sauti ya mafuta, anauza kwa bei ya kuumiza na kununua kwa bei ya kutukana. Unamchukia, na bado ukisikia amefika unakimbilia kuona kaleta nini. Dhidi yake una VAL, kompyuta ya kituo, mwenye sauti ya bwana wa Kiingereza mzee anayekueleza makosa yako kwa adabu inayochoma kuliko tusi. Sauti hiyo ni ya mwigizaji William Franklyn. Kiingereza changu cha shule kilikuwa cha vitabu. Dhihaka nilijifunza kwa VAL. Ilinichukua wiki kadhaa kutambua kwamba alikuwa akinicheka.

Niliposhika funguo za nyumba ya shangazi mwaka 2011, miguu yake ilikuwa imeanza kumsumbua na ngazi zilikuwa zimemshinda. Mimi nilikuwa na diploma ya uhasibu na kiburi cha aliyeijua hesabu. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kupaka rangi. Njano kwa nje, buluu kwa milango. Nikanunua televisheni ya sebuleni. Nikachapisha kadi. Miezi mitatu baadaye vyumba vilikuwa vitupu vilevile, sasa vitupu vya rangi.

Usiku mmoja wa kusi, mvua inapiga mabati, niliuwasha mchezo. Nikajikuta nafanya nilichokuwa nikifanya kila kituo kinapodorora: naacha kutazama kituo, nachagua mgeni mmoja tu, namfuata. Anashuka wapi, anatembea hatua ngapi mpaka kitanda, anakwama wapi, anaondoka na uso gani. Ndipo nikajiuliza mbona kwa viumbe wa kompyuta nafanya hivyo na kwa binadamu nimepaka rangi.

Kesho yake nilichukua begi, nikatoka nje ya lango, nikaingia kama mgeni. Nililala kila chumba usiku mmoja, siku 11. Shangazi alidhani nimegombana na mtu nyumbani. Chumba cha nne ukutani kwake kuna pampu ya maji, na pampu hiyo huamka saa kumi alfajiri. Chumba cha tisa swichi ya taa iko nyuma ya mlango ukishaufungua, kwa hiyo kila mgeni wa usiku hupapasa ukuta kama kipofu. Chumba cha pili mto wake ulikuwa na harufu ambayo sitaieleza. Na kutoka vyumba vitano vya nyuma hadi choo cha pamoja ni hatua 38, za mwisho 12 bila paa. Nani alihitaji rangi ya njano?

Choo ndicho kilichotangulia. Nilivunja stoo nikaweka vyoo viwili karibu na vyumba vya nyuma. Fundi alicheka: pesa zote chooni? Nikamweleza kwamba mwaka 2008, kwenye kituo cha kimataifa cha angani, choo pekee kilichokuwepo wakati ule kiliharibika pampu, na chombo cha Discovery, kilichokuwa kikijiandaa kupeleka maabara ya Wajapani, kikabeba pia pampu ya choo iliyoletwa mbio kutoka Urusi. Watu watatu walikuwa wanazunguka dunia mara 16 kwa siku, na kilichokuwa kinangojewa kwa hamu ni pampu ya choo. Fundi akaacha kucheka. Kisha akaongeza bei, kwa kuwa sasa alijua naithamini kazi.

Sitaki kudanganya kwamba kila nilichokitoa mchezoni kilinifaa. Taka, kwa mfano. Kwenye StarTopia vitumishi vya chuma huokota takataka, Salt Hogs huzisaga, nazo zinageuka nishati. Mduara unafungika vizuri mno. Nyumbani kwetu taka zilikuwa zinachukuliwa na kijana wa mkokoteni, nami nilimlipa nikasahau. Siku moja nilimfuata kwa boda, kwa udadisi tu. Alikwenda hadi kiwanja kitupu nyuma ya nyumba za watu, akamwaga, akafuta jasho. Pale kwenye lundo niliona magodoro yetu ya zamani, yale niliyojisifu kwamba nimeyatoa. Hayakuwa yametoka popote. Yalikuwa yamehama mtaa. Angani hakuna kiwanja kitupu cha nyuma, ndiyo maana mwaka 2023 NASA ilitangaza kwa fahari kwamba mitambo ya kituo imefikia kurudisha asilimia 98 ya maji, jasho na mkojo vikiwemo. Mimi nimefika mbali kidogo: chupa zinauzwa kwa kilo, makombo ya jikoni yanakwenda kwa jirani mwenye mbuzi, na kilichobaki bado kinapanda mkokoteni, nami bado sipendi kufikiria kinaposhukia.

Lililoniuma zaidi ni la mti.

Uani kulikuwa na mkungu mkubwa, umri wake anaujua Mungu. Kivuli chake kilichukua robo ya ua. Mwaka 2014, msimu ukiwa mzuri, nilipiga hesabu: kivuli hakilipi, vyumba viwili vinalipa. Shangazi alinitazama nikimwonyesha karatasi, akasema, "Wewe ndiye uliyesoma, baba." Nilichukua kama ruhusa. Leo najua tafsiri yake. Mti ukakatwa siku mbili, vyumba vikajengwa miezi minne.

Na wageni wakaanza kuondoka mapema. Hawakulalamika, wala hapakuwa na la kulalamikia: vyumba visafi, choo karibu, chai moto. Lakini aliyekuwa akilala siku nne sasa alilala mbili. Wale walimu wa bara waliokuja kila Agosti walikuja, wakatembeza macho uani, wakasema joto la mwaka huu kali. Halikuwa kali kuliko la mwaka jana. Zamani, kati ya saa saba na saa kumi, kila mgeni alikuwa chini ya mkungu, na huko ndiko madafu yalikouzika, ndiko safari za magofu ya Gede zilikopangwa, ndiko mtu alikosema basi niongezee usiku mmoja.

Sitaha ya juu ya StarTopia, ile ya udongo, wachezaji wengi wapya huipuuza. Unaweza kuinua vilima, kuchimba maziwa, kuongeza joto au unyevu, na mimea hubadilika kulingana na hali uliyoiweka, wala kila mmea hautoi zao lilelile. Lakini wageni hupanda huko hata wasipokuwa na la kuvuna. Wanakwenda kutembea. Wanakaa nyasini wakitazama maji. Na hali yao inapanda kwa kukaa tu. Nilikuwa nalijua hilo tangu nikiwa na miaka 17. Nililijua, nikakata mti.

Vile vyumba viwili bado vipo. Kimoja nimekibomoa ukuta wa mbele kikawa baraza. Mkungu niliupanda upya mwaka 2016. Sasa umenipita kimo mara kadhaa na kivuli chake kinatosha meza tatu.

Upande wa wafanyakazi, hapo mchezo na maisha viliachana kabisa. Ukibofya tu, Salt Hog mzembe anafukuzwa, na mwingine yuko foleni. Tulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akifanya usafi tangu enzi za shangazi, na nikaona kazi ya jioni imeanza kuwa mbovu: vumbi pembeni, shuka zimetandikwa upande. Nilishaandika barua. Shangazi akaniuliza kama asubuhi pia anakosea. Sikujua, asubuhi sikuwa nikitazama. Asubuhi alikuwa hakosei hata kidogo. Macho yake yalikuwa yameanza kushindwa jua likizama, na alikuwa hasemi kwa kuogopa barua ya aina ileile niliyokuwa nimeiweka mfukoni. Tukambadilishia zamu. Nilitazama sana ile orodha ya StarTopia baadaye, mistari yote ya njaa na usingizi na upweke. Hakuna mstari wa kitu ambacho mtu anakificha.

Mwaka 2020 nitaupitia haraka. Ndege za nje zilisimama Machi, na Aprili Kilifi, Kwale na Mombasa zikafungiwa, haingii mtu wala hatoki. Milango ya chuma ikashuka kati ya kipande chetu na vingine. Katika mchezo, unapofungua mlango kwenda kipande kipya unalipa nishati, na wakati mwingine unakuta ng'ambo yupo msimamizi mwingine asiyekutakia mema, mwenye majasusi na mabomu. Hapa tulisubiri tu. Nilikuwa na mgeni mmoja aliyekwama, fundi wa jokofu kutoka Nakuru, kwa wiki tano. Siku ya tatu alijipa jembe mwenyewe: alitengeneza friji zote mbili, akahamia kwenye pampu ya chumba cha nne. Haingurumi tena.

Mwaka uliofuata ilitoka Spacebase Startopia, iliyoundwa upya na kampuni ya Kijerumani ya Realmforge. Nilinunua siku za mwanzo, kwa hamu. Gurudumu lipo, sitaha tatu zipo, picha zinang'aa. Sauti ya VAL si ile. Na kuna haraka ndani yake, mengi yanakuitaita kwa wakati mmoja, mpaka ule muda wa kusimama na kumtazama kiumbe mmoja akitafuta kitanda ukapotea. Labda nazeeka. Waliowahi kucheza ule wa zamani watanielewa, na wasiouwahi wauanze huo wa 2001. Bado unauzwa mtandaoni kwa bei ya sahani ya biriani. Mucky Foot wenyewe walifunga mwaka 2003, mwaka uleule nilioujua mchezo wao. Nilipokuwa nikikesha saibani, nyumba iliyoujenga ilikuwa tayari inazima taa.

Wiki iliyopita stima ilipotea jioni, ikarudi saa nne usiku. Wageni sita, wote wameshalala. Nilikaa barazani na kompyuta mapajani, shangazi kwenye kiti chake karibu nami kwa sababu usingizi siku hizi unamkimbia. Kwa miaka yote hii hajawahi kuniuliza ninacheza nini. Safari hii aliinama, akavaa miwani, akatazama vile viumbe vikipita kwenye korido ile inayopinda kwenda juu, vingine na vichwa viwili, vingine na mabawa.

"Hawa ni wageni wako?"

"Ndiyo, shangazi."

Akatazama tena, kwa muda mrefu.

"Wameshakula?"

Nikabofya mmoja, kisha mwingine. Karibu na gati kulikuwa na Kasvagorian aliyekuwa na njaa, na mashine ya chakula iliyokuwa karibu naye ilikuwa imeharibika. Sikuwa nimeona.